Mashuka ya Kongamano la Moto

Dobi alilinusa shuka kabla ya kulisuuza, akalisuuza, akalinusa tena. Pua yake haikumwambia kitu. Na hapo ndipo penye kasheshe, maana jana pua hiyohiyo ilimhakikishia kwamba mashuka yote yametakata, akayapiga pasi, akayakunja, akayapeleka, na leo asubuhi amerudishiwa mlangoni yakiwa yamefungwa fundo moja kubwa.

"Yananuka moshi," alisema aliyeyaleta.

Alikuwa msimamizi wa nyumba ya wageni ya serikali, mtu mpole mwenye kitambi, ambaye watu walimwita Bwana Funguo kwa ajili ya shada la funguo lililoning'inia kiunoni mwake. Nyingine zilikuwa za milango iliyokwishabomolewa, lakini hakuzitoa, kwa sababu hakuna aliyemwandikia kwamba azitoe.

"Bwana Funguo, mji mzima unanuka moshi. Hata wewe unanuka."

"Mimi silaliwi na waheshimiwa. Mashuka yanalaliwa." Alijipangusa macho, yalikuwa mekundu kama ya kila mtu. "Leo jioni wanaingia, mama dobi. Wakurugenzi, washauri, watu wa wizarani. Kongamano la moto."

"La moto gani?"

Bwana Funguo alinyoosha kidole kuelekea vilimani, ambako vilima vyenyewe havikuonekana. "Moto wa nyika. Wanakuja kuujadili."

"Basi si wangefurahi kuunusa kidogo kabla hawajaujadili?"

Hakucheka. Siku nyingine angecheka. "Mimi nakutetea, lakini na mimi nina wakubwa zangu. Kuna kampuni imeleta maombi, wana mashine za kukaushia, nguo inatoka humo haijaonana na hewa ya nje. Haya yakirudi leo yananuka, kazi ni yao. Usije ukasema sikukwambia."

Aliondoka na funguo zake zikilia, na dobi akabaki na fundo. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Msimu wa moshi ulipoingia wateja wengine wote walikata mguu, kwani nani atalipia kufuliwa shati ambalo litanuka kabla hajalivaa? Nyumba ya wageni peke yake ndiyo iliyoendelea kuleta. Mashuka hayo ndiyo yaliyoweka sufuria jikoni, na ndiyo yaliyonunua ile dawa ya kuvuta mdomoni ambayo mama yake hakuweza kukaa bila hiyo. Zahanati ilikuwa ikiitoa bure, kwa maneno. Ukienda dirishani unaambiwa imeisha, jaribu duka la pale mbele.

Kwa hiyo alianza upya. Aliloweka, akasugua, akasuuza maji ya kwanza na ya pili, akatia buluu kidogo ili weupe ukolee. Kila shuka lilikuwa na muhuri pembeni, MALI YA SERIKALI, kwa wino mweusi. Miaka yote aliyoyafua mashuka hayo, yamechakaa, yametoboka, yameshonwa na kushonwa tena, lakini muhuri haujawahi kufifia hata kidogo. Laiti barabara zao zingewekewa wino ule.

Uani kwake kulikuwa na kamba nzuri, ndefu, zilizokazwa vizuri, na hazikuwa na kazi yoyote. Majivu yalikuwa yakidondoka polepole, mepesi, mengine yakiwa bado na umbo la jani. Jua lilikuwa jekundu na dogo, unaweza kulitazama bila kukunja uso. Zamani moshi ulikuja kama mgeni, siku mbili tatu ukaondoka, watu wakausimulia. Siku hizi umekuwa msimu. Watu wanapanga harusi zao kuukwepa, shule zinafungwa kwa ajili yake, na kila mwaka ukianza anatokea mkubwa mmoja mwenye koti jipya anasema safari hii tumejipanga.

Gari la kipaza sauti lilipita barabarani, likienda mwendo wa kubembeleza.

"Wananchi mnaombwa kuwa watulivu. Hali ya hewa ni ya wastani. Narudia, ni ya wastani. Fungeni madirisha yenu, epukeni shughuli zisizo za lazima."

Kutoka chumba cha ndani ikaja sauti nyembamba lakini yenye makali. "Wastani wa nani?"

Dobi alitabasamu bila kupenda. Mama yake alimjibu mtu wa kipaza sauti kila siku, na kila siku mtu wa kipaza sauti alipita bila kusikia.

"Anasema tufunge madirisha, mama."

"Mwambie alete vioo kwanza, nikimaliza kumshukuru nitafunga."

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na dirisha la nondo na wavu wa mbu, basi, kama nyumba nyingi za mtaa ule. Cha ndani ndicho dobi alichokiziba tangu moshi uanze: plastiki nene dirishani, magunia kwenye upenyo wa bati, taulo bichi chini ya mlango. Mlikuwa na joto la kukera na hewa nzito, lakini ilikuwa hewa. Mama yake alikuwa amekaa kitandani, mito mitatu mgongoni, maana akilala chali kifua kinagoma.

Na ndicho chumba pekee katika nyumba nzima, pengine katika mtaa mzima, ambamo shuka bichi lingeweza kukauka bila kunywa moshi.

Dobi alilijua hilo tangu Bwana Funguo alipokuwa bado mlangoni. Alikuwa ameliacha pembeni makusudi, kama mtu anayepita nyumba ya mdai wake akitazama upande mwingine. Sasa alisimama na beseni la mashuka yaliyokamuliwa na hakuweza kutazama upande mwingine tena.

"Mbona umesimama?" mama yake aliuliza.

"Napumzika."

"Hujawahi kupumzika umebeba beseni." Mama alimtazama, akalitazama beseni, akatazama dari ambako misumari miwili ya zamani ilikuwa imekaa kwa kuelekeana, kana kwamba inangoja kamba. "Wanaingia lini hao wakubwa?"

"Jioni."

"Basi nitoe. Anika."

"Mama, huko mbele moshi umejaa."

"Kwani mimi sukari, nitayeyuka? Saa mbili hizi, tatu. Nitakaa pale kwenye kiti nitazame watu wanavyokohoa. Nimechoka kukohoa peke yangu."

Ndivyo alivyokuwa. Angefanya utani hata anapotolewa jino. Dobi angeweza kukataa, na baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakukataa. Lakini alihesabu haraka kichwani, kama anavyohesabu kila masikini: bila mashuka hakuna dawa, bila dawa hakuna kifua, basi ni heri kifua kisumbuke leo kuliko kisumbuke kila siku. Hesabu ilikuwa sahihi. Ndiyo maana ilimuuma sana baadaye.

Mtu aliyemsaidia kumbeba mama alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta, mbeba mizigo wa sokoni aliyeitwa Zimamoto. Jina alilipata kwa sababu kila mwaka moto ukiwaka huitwa pamoja na vijana wengine wa mtaa kwenda kuuzima, wakapewa fulana yenye maandishi na kuambiwa wakate matawi huko huko. Gari la zimamoto lenyewe lilikuwa limeegeshwa mbele ya ofisi, jekundu, linang'aa. Lilioshwa kila wiki. Tairi zake mpya zilikuwa zikisubiri kibali tangu msimu wa mwaka juzi.

Zimamoto alikuwa ndiyo kwanza ameshuka vilimani. Nyusi zake zilikuwa zimeungua ncha, na viatu vyake vilikuwa vimeyeyuka soli. Walimweka mama kwenye kiti, mbali na dirisha kadiri chumba kilivyoruhusu, dobi akamfunika pua na mdomo kwa kitambaa kibichi, kisha akaenda kufunga kamba na kuanika.

"Huko vipi?" mama alimuuliza Zimamoto kupitia kitambaa.

"Huko hakufai, bi mkubwa. Moto umeshavuka mto." Alikaa sakafuni, akaegemeza kichwa ukutani. "Na ulianza mdogo, haki ya Mungu. Mimi niliuona. Watu wachache na matawi tungeumaliza kabla ya chakula. Lakini ulikuwa mpakani. Ofisi ya huku ikasema huo ni moto wa kule. Ya kule ikasema ni wa huku. Sisi tumekaa chini tumeshika matawi, tunaambiwa msiguse kwanza, kuna suala la mamlaka. Wakaleta watu wa kupima mpaka."

"Wakapima?"

"Wakapima vizuri tu. Walipomaliza, moto ulishachoma alama zote walizoziweka."

Mama yake dobi alianza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikachukua muda wake. Kilipotulia alikuwa na jasho juu ya mdomo.

"Sisi tulikuwa tunachoma mvua zikiisha tu," alisema. Sasa alikuwa akivuta pumzi katikati ya maneno. "Majani yana unyevu bado. Moto unatambaa kama kuku mgonjwa, mtoto anauruka. Kiangazi kikija, hakuna cha kuungua. Wakaja wakatwambia ni kosa. Baba yake huyu binti yangu walimweka ndani, kisa kachoma ukingo wa shamba lake mwenyewe." Alitafuta hewa. "Sasa huu wa leo, watamweka ndani nani?"

Zimamoto alikuwa amesinzia akiwa amekaa, mdomo wazi.

Mashuka yalichelewa. Chumba kilichozibwa hakina upepo, na nguo bila upepo hukauka kwa kudra. Dobi aliyapunga kwa ungo, akayageuza, akayaminya pindo kwa vidole, akayapunga tena. Kila mara alifungua mlango kidogo kumtazama mama, na kila mara mama alimpungia mkono kumfukuza: funga, unaingiza moshi. Mara ya mwisho mkono haukupunga.

Mama alikuwa ameinama mbele, viganja juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka kama ya mtu anayepanda ngazi. Kitambaa kilikuwa kimeanguka. Midomo ilikuwa imegeuka rangi. Filimbi nyembamba ilikuwa ikitoka kifuani, kisha filimbi ikakatika, na kukatika kwake kulitisha kuliko kulia kwake.

"Zimamoto! Amka! Amka umshike!"

Walimrudisha ndani katikati ya mashuka yaliyoning'inia, wakiyasukuma kwa vichwa. Dobi alimwekea dawa mdomoni, akaminya, akaminya tena. Kopo lilikuwa jepesi mno. Likatoa pumzi ya mwisho, likanyamaza. Alimsugua mgongo, akamwita mama, akamwita kwa majina ya utani ya zamani, akamwambia mwambie yule mtu wa kipaza sauti, mama, anakuja, mjibu. Zimamoto alisimama pembeni akishika ncha ya shuka lisimguse mgonjwa, na macho yake yalikuwa yakitoka machozi, kwa moshi au kwa jingine.

Polepole filimbi ilirudi. Halafu pumzi fupi, halafu ndefu kidogo. Mama alifumbua macho, akayatazama yale meupe yaliyomzunguka, akasogeza midomo. Dobi aliinamisha sikio. Hakukutoka neno. Ilikuwa hewa tu, inakwaruza.

"Amepona, dada," alisema Zimamoto. "Si amepona?"

Mashuka yalikuwa yamekauka. Dobi aliyatoa moja moja. Aliyapiga pasi huko huko ndani, akikaa chini karibu na kitanda, akisikiliza. Hakuyanusa. Alimwacha Zimamoto amkalie mama, akajitwisha fundo lililofungwa ndani ya plastiki mbili, akatoka.

Taa za barabarani zilikuwa zimewaka mapema, kila moja na ukungu wake wa njano. Watu walipita wamefunika nyuso kwa chochote: shati, mfuko, soksi. Kwenye lango la nyumba ya wageni lilikuwa limetundikwa bango la kitambaa, limeandikwa kwa herufi kubwa kuwakaribisha wajumbe wa kongamano. Chini yake wafanyakazi wawili walikuwa wakilifungua kamba, walishushe.

Bwana Funguo alikuwa mapokezi, anapanga chupa za maji ndani ya maboksi. Alipomwona dobi uso wake ulilegea.

"Aa, dobi. Nilitaka nikutumie mtu."

"Nimeleta."

"Hawaji tena." Alisema akitazama chupa. "Wamepiga simu mchana. Wanasema moshi umezidi, ndege haioni pa kutua, na kwa gari wakubwa hawawezi, kuna wenye matatizo ya kifua. Kongamano wamelihamishia pwani, hoteli moja yenye hewa nzuri."

Dobi hakuweka fundo chini. "Mchana saa ngapi?"

"Mchana tu. Baada ya chakula hivi."

Baada ya chakula. Mama alikuwa bado anapunga mkono baada ya chakula.

"Yanuse," dobi alisema.

"Ya nini sasa, mama? Nimekwambia hawaji. Kaa nayo tu nyumbani, mvua zikinyesha labda watalipanga tena, nitakuita uyafue upya. Na ile kazi, usihofu, ipo. Ila malipo ndiyo hivyo, unajua wenyewe wanasema hadi wageni walale."

"Bwana Funguo, nimesema yanuse."

Alifungua fundo juu ya meza ya mapokezi, akatoa shuka la juu, akalishika kwa mikono miwili mbele ya uso wa msimamizi. Wale wafanyakazi wa bango walisimama kutazama. Bwana Funguo aliangaza huku na huku, kama anayetafuta mkubwa wa kumwuliza ruhusa, kisha akainama, akavuta pumzi. Pua yake hulala penye kiyoyozi, ilikuwa bado na akili zake.

"Hayanuki," alisema kwa sauti ndogo. "Hayanuki kabisa. Umefanyaje?"

Dobi alilikunja shuka kwa mikunjo yake ileile, akalirudisha, akafunga fundo. Alitaka kumweleza. Alimtazama yule mtu na chupa zake na funguo za milango isiyokuwepo, akaona hata akieleza, Bwana Funguo atasikitika, atasikitika kwelikweli, na kesho ataamka atekeleze atakaloambiwa. Alijitwisha fundo, akaondoka.

Asubuhi yake moshi ulikuwa umekaa palepale. Lakini nyumba ya dobi ilikuwa imebadilika. Shuka moja lilikuwa limepigiliwa dirisha zima la mbele, bichi, linadondosha maji. Jingine lilikuwa mlangoni. Mengine mawili yalikuwa kwenye madirisha ya Zimamoto, aliyeshika nyundo tangu usiku, na moja kwa bibi wa nyumba ya tatu mwenye wajukuu wachanga. Yalikuwa yameanza kugeuka rangi. Lile la dirisha la mbele lilikuwa na mistari ya masizi iliyosimama wima, nondo zote zimejichora, na pembeni, wino ukiwa mweusi kuliko masizi, MALI YA SERIKALI.

Gari la kipaza sauti likaja na mwendo wake wa kubembeleza.

"Wananchi mnaombwa kuwa watulivu. Hali ya hewa ni ya wastani."

Dobi alikuwa uani na beseni la maji. Aligeuza sikio kuelekea chumba cha ndani. Alingoja. Mama alikuwa macho, alikuwa amekunywa uji vijiko viwili, na bila shaka alikuwa amesikia. Kilichokuja ni pumzi tu, ikipanda na kushuka, na ile filimbi ndani yake.

"Narudia, ni ya wastani."

"Wastani wa nani?" dobi alipaza sauti.

Gari lilisimama. Pengine mtu wa kipaza sauti alikuwa hajawahi kujibiwa kwa nguvu vile. Aliteremka, kijana mwenye kitambulisho shingoni na leso puani, akaja akikohoa hadi dirishani, akasoma muhuri. Akausoma tena.

"Mama, hizi ni mali za serikali."

"Naziona. Nazifua miaka yote."

"Huruhusiwi kuzipigilia misumari. Zishushe. Nikipeleka jina lako utaletewa matatizo."

"Matatizo yapi, mwanangu? Niorodheshee, nikute yapi sina."

Kijana alitazama mistari ya nondo kwenye kitambaa, akaitazama leso yake mwenyewe, akairudisha puani. "Sasa nikiulizwa ziko wapi, nisemeje?"

"Waambie ziko kazini."

Alijaza bakuli kutoka kwenye beseni, akalirushia shuka maji kuanzia juu, kama alivyofanya usiku kucha. Maji yalishuka meusi juu ya ule muhuri, yakachuruzika ukutani hadi karibu na viatu vya kijana. Akachota tena.